Mshika Ufunguo wa Ikupa

1

Siku Daktari Shekilindi alipowaambia kuwa mtoto ameacha kukua, Mzee Ambilikile Mwakyoma alikuwa wa kwanza kuijua sababu na wa mwisho kuisema.

Walikuwa watatu katika chumba cha vipimo, kwenye kliniki ya mishipa ya damu pale Tukuyu, na nje mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Tukuyu siku zote, bila haraka na bila dalili ya kukoma. Ikupa, binti yake wa pekee, alikuwa amelala kitandani, tumbo wazi, mimba ya wiki ishirini na tatu. Hewani juu yake ilining'inia picha ya mtoto iliyochorwa kwa mwanga, kubwa kuliko mtoto mwenyewe, amekunja magoti na mkono mmoja umeziba sikio. Daktari aliigeuza picha kwa kidole, akawaonyesha kondo la nyuma. Lilikuwa dogo. Mishipa yake ilikuwa michache na myembamba, kama mizizi ya mche uliopandwa kwenye mwamba.

Daktari alisema mtoto ana uzito wa wiki kumi na tisa. Alisema hana kasoro yoyote. Shida ni kwamba chakula hakimfikii. Kisha akavua miwani, akasema kitu kilichomfanya Ambilikile atazame sakafu.

"Kinachonishangaza ni kidhibiti. Tulikishusha mpaka kiwango cha pili tangu wiki ya sita. Kwa kiwango cha pili kondo lingekuwa limeshamiri. Hili linafanana na kondo la mtu aliyeko kiwango cha nne."

Ikupa aligusa chini ya mtulinga wake wa kushoto. Kidhibiti kilikuwa hapo, chini ya ngozi, kidogo kama punje ya harage. Alipandikizwa akiwa na miaka kumi na mbili, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kurithi, na Ambilikile aliufahamu vizuri kuliko wazazi wengi, kwa sababu kazi yake ya miaka thelathini na mitano ilikuwa kufungua na kufunga mabomba ya maji ya mji. Daktari wa kwanza kabisa alimweleza kwa lugha yake. Damu hutoka moyoni kwa nguvu kupitia mabomba makubwa, kisha hugawanywa kwenye vibomba vidogo vidogo visivyohesabika, na humo ndimo nguvu yake inapopungua kabla ya kurudi kwenye mabomba laini. Kwa watu wa ukoo wa mkewe, sehemu nyingine vile vibomba havikuwepo kabisa. Bomba la nguvu liliungana moja kwa moja na lile laini. Ndiyo maana walitokwa damu puani hata kwa kupiga chafya. Ndiyo maana mapafuni walibeba mafundo ya mishipa ambayo siku moja yangeweza kupasuka.

Na chanzo cha yote kilikuwa ujumbe. Ukuta wa mshipa hupokea jumbe mbili mchana na usiku. Moja ni kichocheo cha ukuaji, nacho huuambia ukuta ota, tanuka, toa tawi. Ya pili huuambia tulia, komaa, jifunge vizuri. Mwili wa Ikupa ulizaliwa na nusu tu ya vipokezi vya ule ujumbe wa kutulia. Basi kichocheo kilipiga kelele bila wa kukijibu, na mishipa ikaota ovyo, myembamba, isiyo na ukuta wa maana. Kidhibiti kilitia dawa kwenye damu na kukamata sehemu ya kichocheo kabla hakijafika ukutani. Kadiri kiwango kilivyopanda, ndivyo kilivyokamata zaidi.

Lakini kondo la nyuma hujengwa kwa kichocheo hichohicho. Mtoto hana njia nyingine ya kujitengenezea mishipa.

Daktari aliwaeleza njia iliyobaki. Washushe kidhibiti mpaka kizime kabisa, leo au kesho, na kisiwashwe tena mpaka mtoto azaliwe. Hatari yake aliitaja bila kuificha. Kwenye pafu la kushoto Ikupa alikuwa na fundo moja dogo ambalo lilikuwa limelala miaka yote hii. Likipata kichocheo, laweza kuamka.

"Kuzima kunahitaji ufunguo wako, mzee wangu," alimalizia. "Sheria unaijua."

Ambilikile aliijua. Kwenye mkono wake wa kulia, pale watu wa zamani walipovaa saa, alikuwa amefunga kibati chembamba chenye mkanda wa ngozi. Zamani, vidhibiti vilipoanza, wagonjwa walivizima wenyewe walipochoka na maudhi yake, vidonda visivyopona na maumivu ya kichwa, na wengi walitokwa damu hadi kufa. Ndipo ikaamuliwa kwamba kila aliyepandikizwa awe na mshika ufunguo, ndugu aliyefundishwa, na bila huyo kidhibiti hakishushwi. Kupandisha kuliwezekana hata kwa mbali. Kushusha, lazima wakae pamoja, mkono wa mshika ufunguo ulale juu ya mtulinga wa mgonjwa, na kibati kitambue mapigo ya damu ya mshika huyo.

Ikupa alimgeuzia uso. Aliuweka wazi ukosi wa gauni lake, kama alivyofanya tangu utoto kila walipokuja kliniki, akasubiri mkono wa baba.

Mkono haukuja. Ambilikile alisema anaomba siku mbili. Daktari alimkumbusha kuwa mtoto hana siku nyingi, naye akajibu kwamba ameelewa, siku mbili tu. Ikupa alifunga vifungo vyake kimoja kimoja. Njiani, ndani ya kiberenge cha waya kilichowapitisha juu ya mashamba ya chai, hakumlaumu babake kwa neno lolote. Alimwambia tu kwamba anajua anachokiogopa, na kwamba hata yeye anamkumbuka mama.

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Binti yake alidhani ni woga tu.

2

Subilaga, mkewe, alifariki akiwa na mimba ya pili ya miezi saba. Alikuwa anamenya ndizi jikoni, akakohoa, akaweka kiganja mdomoni, na alipokiondoa kilikuwa chekundu. Ambilikile alikuwa hatua nne kutoka kwake, anafunga kamba za viatu. Kabla jirani hajafika na gari alikuwa amekwisha. Ikupa, mwenye miaka kumi na moja, aliyaona yote akiwa mlangoni na begi la shule mgongoni.

Tangu siku ile Ambilikile alimlea mtoto kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Alijifunza kusuka nywele. Alijifunza kuziba pua inayotoka damu, kichwa kimeinamishwa mbele na si nyuma. Kila asubuhi alitazama kibati, na kilipoonyesha kijani ndipo alipokunywa chai. Ikupa alikua, akawa mwalimu wa hesabu, akaolewa na Gwamaka, kijana mpole aliyetengeneza mashine za kuchuma chai. Alipofikisha miaka kumi na minane sheria ilimruhusu kuchagua mshika ufunguo mwingine. Hakutaka. Alisema baba anamtosha.

Kibati kile kilikuwa na kitufe cha dharura. Mgonjwa akipata ajali au akianza kutokwa damu, mshika ufunguo angeweza kuongeza viwango viwili juu ya kile kilichopangwa na kliniki. Nyongeza hiyo ilidumu siku tatu, kisha ilijifuta yenyewe. Kwenye mafunzo waliambiwa haina madhara.

Miaka sita iliyopita, Ikupa alipoanza kufundisha Kyela, mbali na nyumbani, alipiga simu akasema pua imetoka damu nusu saa. Ambilikile alibonyeza. Siku ya tatu kibati kikatikisika kumkumbusha kuwa nyongeza inaisha. Alikitazama. Akabonyeza tena. Siku ya tatu nyingine, tena. Hakumwambia mtu. Kliniki ilisoma kiwango ilichokipanga yenyewe. Nyongeza zilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya ndani ambayo hakuna aliyeifungua bila sababu. Wenzake wengine wa umri wake walikuwa na rozari, au mazoea ya kutembea jioni. Yeye alikuwa na kitufe.

Ikupa alilalamika mara kadhaa. Lengelenge la kiatu lilichukua miezi mitatu kupona. Kichwa kilimuuma. Kisha, miaka miwili na nusu iliyopita, mimba yake ya kwanza ikaharibika katika mwezi wa tano. Hakuna aliyejua kwa nini. Walimzika mtoto nyuma ya nyumba ya Gwamaka, mtoto wa kike, na Ikupa alikuwa ameshampa jina: Lugano. Ambilikile alisimama kaburini na mwavuli, akamshika binti yake bega, na siku iliyofuata, kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu, akabonyeza.

Sasa alikuwa ameketi barazani mwake, siku moja baada ya kutoka kliniki, saa tisa ya alasiri, na kibati kikatikisika.

Kidole kilikwenda chenyewe. Alikiangalia kama kidole cha mtu mwingine. Akaweka mkono wa kushoto chini ya paja, akaukalia, na kibati kikaendelea kutikisika kwenye mkono wa kulia, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya msiba. Kilitikisika dakika kumi. Kisha kikatulia, na alama ndogo ya nyongeza ikatoweka kwenye uso wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Alikaa pale. Aliona kiganja cha Subilaga. Halafu, polepole, aliona kitu ambacho hakuwahi kujiruhusu kukiona: kwamba muda wote ule alikuwa akimlinda mtu mmoja tu na uchungu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Alivaa koti la mvua, akaenda kwa binti yake.

3

Alimkuta Ikupa mezani anasahihisha mitihani, miguu juu ya kigoda, na Gwamaka anakaanga samaki. Gwamaka alimwamkia, akataka kumpokea koti. Ambilikile akasema atabaki nalo kwanza. Akamwomba na yeye aketi.

Aliwaeleza yote akiwa amesimama. Hakujitetea, hakusema kwamba mafunzoni walimwambia haina madhara, ingawa ilikuwa kweli. Alieleza ile simu ya Kyela, kitufe, siku tatu tatu. Alisema kiwango alichokuwa nacho Ikupa kwenye mimba hii kilikuwa cha nne, si cha pili. Alisema kwenye mimba ile ya kwanza kilikuwa cha tano, si cha tatu.

Gwamaka aliinuka akazima jiko. Samaki waliendelea kulia kwenye mafuta kwa muda, kisha nao wakanyamaza.

Ikupa alikuwa ameishika kalamu nyekundu. Aliandika kitu pembeni ya karatasi ya mwanafunzi, na baba yake akatambua kwamba anapiga hesabu.

"Mara mia saba na thelathini," alisema hatimaye. "Ulikaa ukafanya hivyo mara mia saba na thelathini, Baba, na hata mara moja hukufikiri kuniuliza."

Ambilikile alisema ndiyo.

"Mimi nilidhani ni mwili wangu. Nilimwambia Gwamaka aoe mwingine. Unalijua hilo?"

Hakulijua. Alimtazama mkwewe, na Gwamaka alikuwa ameinamisha kichwa.

Ikupa aliinuka kwa shida, akaenda chumbani, akafunga mlango. Wanaume wawili walibaki sebuleni. Ambilikile alitarajia kutukanwa, na angeshukuru. Lakini Gwamaka alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tu kwamba kama mzee anataka kukaa akae, na kama anataka kwenda, mvua ni kubwa, atampeleka kituoni. Ambilikile akakaa. Koti lilidondosha maji sakafuni mpaka likakoma.

Baada ya saa nzima mlango ulifunguliwa. Macho ya Ikupa yalikuwa yamevimba, na kitambaa alichoshika puani kilikuwa na doa jekundu, kwa kuwa kulia kulimtoa damu siku zote. Aliketi, si karibu na baba yake, si mbali. Akauliza kama jana, kule kliniki, alikataa kuzima kwa sababu aliogopa kumbukumbu ifunguliwe.

"Nilitaka nikwambie mimi kabla mashine haijakwambia," alisema Ambilikile. "Na niliogopa pia. Vyote viwili."

Kisha akamweleza alichoamua. Sheria ilikuwa na kifungu ambacho karibu hakuna aliyekitumia: mshika ufunguo angeweza kuuachia kwa mgonjwa mwenyewe, mbele ya daktari, na tangu hapo mgonjwa angekuwa bwana wa kidhibiti chake. Ukishaachiwa haurudi. Alisema kesho asubuhi atauachia. Kama Ikupa akitaka kuzima, azime. Kama akitaka kubaki kiwango cha pili na kumwachia Mungu, abaki. Yeye hatasema lolote.

Ikupa alifikiri. Alisema hataki auachie kwa sababu ya aibu, maana aibu ingepita na yeye angebaki na mzigo.

"Si aibu, mama," alisema Ambilikile. Alikuwa akimwita mama tangu Subilaga afariki. "Ni kwamba hiyo damu ni yako. Nilichelewa kulijua hilo."

Ikupa hakumsamehe jioni ile. Alimwambia hivyo waziwazi, kwamba hajui kama ataweza na hajui lini, na kwamba asimuulize. Lakini alimwambia pia asiondoke na njaa. Wote watatu wakala samaki baridi, na Ikupa akamtolea babake miiba kama alivyozoea, kisha akashtuka kuona mkono wake unafanya hivyo, akaendelea.

4

Kuachia ufunguo kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Ambilikile alilaza mkono juu ya mtulinga wa binti yake, kidhibiti kikatetema chini ya ngozi, Daktari Shekilindi akasoma kifungu, wote wawili wakatamka ndiyo. Kibati kikafunguliwa kutoka mkono mmoja na kufungwa mkono mwingine. Kilikuwa kimeacha alama nyeupe kwenye ngozi ya mzee, na aliishika alama hiyo siku nzima kama mtu aliyepoteza pete.

Ikupa aliomba aachwe peke yake robo saa. Alipowaita ndani alikuwa ameshazima.

Daktari alipanga kila kitu: vipimo kila siku tatu, kukaa nyumbani, kutobeba kitu. Gwamaka asingeweza kuacha kazi yote, kwa hiyo Ambilikile alianza kushinda kwao. Alikuja asubuhi, akaondoka jua likizama. Alipika ndizi na maharage, alifua, alimsomea majibu ya wanafunzi huku Ikupa akimtajia alama. Wiki za kwanza waliongea kuhusu kazi za nyumbani tu. Hakumuuliza kama kibati kinaonyesha kijani. Mara nyingine Ikupa alimkuta ameganda na mwiko mkononi, anamsikiliza anavyopumua, naye akajifanya hajaona.

Kondo likaanza kuota. Wiki ya ishirini na tano, picha ya mwanga ilionyesha mishipa mipya imejikunja kandokando kama vikonyo vya maboga. Wiki ya ishirini na saba mtoto alikuwa ameongeza uzito mara mbili. Siku hiyo Ikupa alirudi akicheka, akauchukua mkono wa babake bila kumuuliza, akauweka tumboni apate kusikia mateke. Walikaa hivyo muda mrefu. Halafu, akiwa bado ameushika, alimweleza habari za Lugano, alivyokuwa akimsikia akicheza alfajiri, mambo ambayo hakuwahi kumwambia. Ambilikile alisikiliza yote. Alilia bila kujificha, na Ikupa akamwacha alie.

Lakini fundo la pafuni nalo lilikuwa linasikia ujumbe uleule. Wiki ya thelathini, siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, Ikupa alikohoa akiwa kwenye kiti cha dirishani, akaweka kitambaa mdomoni, na kilipoondoka kilikuwa chekundu.

Ambilikile alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Alifika kabla hajakohoa mara ya pili. Gwamaka alikuwa shambani. Simu ilimpata Daktari Shekilindi mara moja, na sauti yake ikajaa chumbani, tulivu. Aliuliza ni kiasi gani. Alisema gari la angani linaondoka sasa hivi, dakika kumi na mbili. Alisema amlaze upande wa kushoto, upande unaovuja, ili pafu la kulia libaki kavu na liendelee kuvuta hewa.

Ambilikile alimlaza sakafuni kwa ubavu wa kushoto, akajilaza nyuma yake, akamshikilia kwa kifua chake asipinduke. Mkono wa Ikupa wenye kibati ulikuwa hapo mbele ya macho yake. Kitufe kilikuwa umbali wa kidole kimoja. Alijua hakitambui mapigo yake tena, lakini angeweza kukikandamiza kwa kidole cha binti yake mwenyewe, na Ikupa asingekuwa na nguvu za kumzuia.

Ikupa aliona anapotazama. Alinong'ona, damu ikimtoka pembeni ya mdomo:

"Baba. Nibonyeze?"

Kila kilichokuwa ndani yake kilisema ndiyo. Badala yake alimuuliza daktari kwa sauti, ili Ikupa asikie jibu mwenyewe. Daktari alisema kidhibiti hufanya kazi kwa siku, si kwa dakika. Kisingezuia damu hii, na kingemnyima mtoto. Damu hii itazibwa kwa mkono wa daktari. Uamuzi ni wa Ikupa.

"Umesikia," alimwambia sikioni. "Lolote utakalochagua, nimekushika."

Ikupa alikunja vidole vyake akafanya ngumi, akaiweka chini ya shavu. Hakubonyeza. Ambilikile akaanza kuhesabu pumzi zake kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, na Ikupa akazifuata, na kila alipotaka kuharakisha, babake alihesabu taratibu zaidi. Walifika mia moja na tisini na nane gari la angani lilipotua uani na kuangusha kamba ya nguo.

Hospitalini Mbeya walipitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye paja, wakapanda nao hadi pafuni, wakaziba lile fundo kwa waya laini uliojikunja wenyewe kama uzi kwenye donge. Ilichukua dakika arobaini. Mtoto ndani hakuonekana kuwa na habari. Alikuwa amelala, mkono sikioni.

5

Alizaliwa wiki ya thelathini na nne, mvulana, mdogo lakini mwenye sauti. Siku hiyohiyo Ikupa aliwasha kidhibiti, kiwango cha tatu, mbele ya daktari. Gwamaka alimwita mtoto Tusajigwe, maana yake tumebarikiwa.

Siku ya tatu muuguzi alikuja na kikasha kidogo. Ndani yake kulikuwa na damu ya kitovu iliyohifadhiwa. Alieleza kwamba kipimo kinachukua dakika tano: kingesema kama mtoto amerithi nusu ile ya vipokezi au hakurithi. Nafasi ni nusu kwa nusu. Si lazima kufanywa sasa, alisema, kwa kuwa watoto hawapandikizwi kabla ya miaka minane, lakini wazazi wengi wanapenda kujua mapema.

Mzee Ambilikile alikuwa amempakata mtoto karibu na dirisha. Aliposikia dakika tano, mwili wake wote uligeukia kile kikasha. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka chochote. Tayari alikuwa akitazama matundu ya pua ya mjukuu, madogo kama mbegu za mpapai, akitafuta alama nyekundu.

Ikupa alimtazama Gwamaka, na Gwamaka akasema atakubaliana na lolote. Kisha akamtazama babake. Ukiacha lile swali la sakafuni, alikuwa hajamuuliza ushauri wa jambo lolote tangu ile jioni ya samaki.

"Wewe unaonaje, Baba?"

Ambilikile alifungua mdomo. Aliyajua maneno yote ambayo angeweza kusema. Alikuwa ameyasema rohoni miaka ishirini. Mtoto alijinyoosha mikononi mwake, akapiga miayo, akatulia.

"Natamani sana kujua," alisema. "Sana, mama. Lakini hiyo ni shida yangu. Nitakaa nayo."

Ikupa akamwambia muuguzi akitunze kikasha, watakuja kukiulizia wakiwa tayari, labda mwezi ujao, labda mwakani. Akanyoosha mikono kumpokea mtoto, anyonye. Ambilikile alimkabidhi kwa uangalifu, kichwa kwanza, na alipotaka kurudi dirishani, Ikupa alisogea ukutani, akagonga kitanda kwa kiganja kumwonyesha nafasi. Akaketi pale kando ya binti yake, hana cha kushika wala cha kubonyeza, akisikiliza mjukuu wake anavyomeza.